Mkono wa mdogo wangu umeanza kubana baada ya upasuaji wa neva. Ni kisu, ni mazoezi, au ungerudi wenyewe?

#1 Nduguye
Wakuu salaam.

Mdogo wangu aliumia shingo kwenye ajali, kiwango cha C6, yaani ngazi ya sita ya uti shingoni. Mikono ilibaki nusu nusu: anakunja kiwiko, ananyanyua kifundo cha mkono, lakini kunyoosha kiwiko hawezi na vidole havina kazi kabisa. Miguu ndiyo hivyo tena. Karibu mwaka baada ya ajali alifanyiwa upasuaji mkono wa kushoto. Walichukua tawi la neva mojawapo inayokunja kiwiko, wakaliunga na neva inayokwenda kwenye misuli ya kubana gumba na kidole cha shahada. Mkono wa kulia hawakuugusa.

Miezi mingi ikapita hakuna kitu, hadi tukaanza kunong'ona kwamba tumepigwa. Sasa gumba la kushoto linakutana na shahada. Anashika kalamu, anashika uma, anachomoa karatasi kwenye bahasha.

Nyumbani sasa ni ubishi mtupu. Daktari anasema neva imefika. Mtaalamu wake wa fiziotherapia anasema bila mazoezi hiyo neva ingekuwa pambo. Mama anasema ni dua zake. Halafu kuna binamu yetu, mjuaji wa ukoo, anasema wagonjwa wa shingo hurudi wenyewe wakipewa muda, tulimpasua bure. Nani mkweli?

Na swali la pili: kama kilichoharibika ni uti wa mgongo, kuunga neva huku mkononi kunasaidiaje?

#2 Jongoo
Naweka kiti. Pole na hongera kwa pamoja.

#3 Hadubini
Naanza na swali la pili maana ndilo lenye utamu.

Shingoni hutoka jozi 8 za neva, ingawa pingili ni 7, na kila ngazi ina kazi yake mkononi. Kwa haraka: C5 inakunja kiwiko, C6 inanyanyua kifundo, C7 inanyoosha kiwiko, C8 inakunja vidole, na T1, ya kwanza ya kifua, inaendesha misuli midogo ya kiganja. Aliyeumia C6 hajapoteza mkono wote. Amri ya ubongo inashuka hadi hapo, inakwama. Chini ya jeraha, neva ya vidole mara nyingi ni nzima na chembe zake ndani ya uti ziko hai. Tatizo ni kwamba hakuna anayezipa amri.

Sasa daktari anatafuta neva iliyo juu ya jeraha ambayo mwili unaweza kuisamehe. Kiwiko kinakunjwa na misuli mitatu: baisepsi, brakialisi na brakioradialisi. Ukichukua tawi la brakialisi, miwili iliyobaki inabeba mzigo. Ni kama nguzo ya umeme imeanguka mtaani, nyumba zote za chini giza, ukavuta waya kutoka kwa jirani wa juu. Nguzo yenyewe hujaigusa. Ndiyo maana mguu hautanufaika na upasuaji huu, na uti unabaki vilevile.

Baada ya kushona, mnasubiri. Nyuzi za zamani ndani ya neva iliyopokea hufa kuelekea kwenye msuli, na mpya huota kutoka pale paliposhonwa, takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka juu ya kiwiko hadi kwenye misuli ya kigasha ni miezi, halafu msuli wenyewe unahitaji miezi mingine kupata nguvu. Kwa hiyo hamkupigwa. Ile kimya ilikuwa ratiba.

#4 Mtu Baki
Kwa hiyo dogo anaishi kwa umeme wa kuunganisha kinyemela. Msije mkakatiwa.

#5 Tomaso
Hadubini amepika vizuri lakini hajajibu swali la kwanza.

Binamu anayetukanwa hapo juu ana hoja. Wagonjwa wengi wa shingo hupata nafuu ya ngazi moja hivi ndani ya mwaka wa kwanza bila kisu chochote. Uvimbe unashuka, neva zilizokuwa zimezimia zinaamka. Aliyeanza na C6 anaweza kujikuta na C7. Sasa mtu kapasuliwa karibu mwaka baada ya ajali, vidole vimeamka baadaye, tunampa daktari sifa zote?

Nduguye, tuambie mkono wa kulia ukoje. Huo ndio shahidi, maana haukuguswa. Kama nao umeamka, kisu hakina cha kujivunia.

#6 Bi Subira
Tomaso jina umelitendea haki. Mama wa watu muacheni na dua zake.

#7 Fizio wa Zamu
Kabla hamjagawana sifa, hakikisheni kwanza kwamba huko ni kubana kweli.

Mtu wa C6 anayenyanyua kifundo ana hila moja ya asili. Kifundo kikipanda, kano za vidole zinavutika, vidole vinajikunja na gumba linagusa shahada, bila msuli wowote wa vidole kufanya kazi. Kifundo kikishuka, vidole vinafunguka. Sisi tunaitunza hila hiyo kwa makusudi: tunaacha kano za kukunja vidole zifupike kidogo, na tunawakataza ndugu kunyoosha vidole wakati kifundo kimenyanyuliwa. Ndugu wenye huruma ndio wanaotuharibia, wanavuta vidole kila asubuhi "visikakamae", mwisho hila inapotea.

Jaribio ni hili. Laza kigasha chake mezani, kiganja chini, kifundo kining'inie nje ya ukingo wa meza. Hapo kano zimelegea, hila haifanyi kazi. Mwambie abane. Akibana, ni msuli. Asipobana, ni kifundo kinawadanganya. Fanyeni mikono yote miwili.

#8 Nduguye
Asante Fizio. Nitafanya akitoka kupumzika. Tomaso, wa kulia nao kusema kweli unakunja vidole akinyanyua kifundo, lakini sikuwahi kuujaribu hivyo.

#9 Kiti Mwendo
Niingie kama mwenye mali. Mimi ni C6 wa miaka mingi. Neva hawakunigusa, nilifanyiwa kano. Msuli wa brakioradialisi, huo huo aliousema Hadubini, walichomoa kano yake mwishoni wakaishona kwenye kano ya gumba. Msuli mmoja wa kunyanyua kifundo (tunao zaidi ya mmoja) wakauhamishia kwenye vidole. Nikakaa na mkono umefungwa wiki kadhaa, kisha mazoezi, na ndani ya miezi michache nabana. Sikusubiri neva iote.

Nguvu ninayo. Nikishika kitu hukitoi. Shida yangu ni kufungua: naachia kwa kushusha kifundo, na glasi pana inanishinda kuizungushia vidole. Kwa kifupi nilipewa kufunga, kufungua nikaambiwa nijitafutie.

Na niseme jambo moja kwa wanaotuhurumia kuhusu miguu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, Kim Anderson aliuliza watu 681 wenye majeraha ya uti wangependa nini kirudi kwanza ili maisha yao yawe bora. Kwa waliopooza mikono na miguu, karibu asilimia 49 walichagua mikono. Kutembea hakukushika namba ya kwanza. Kila mgeni akija kwangu anauliza nitatembea lini. Mimi nawaza kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe bila kumwita mtu chumbani.

#10 Jongoo
#9 umenifunga mdomo. Nami nilikuwa wa kuuliza miguu.

#11 Hadubini
Kiti Mwendo ameleta njia ya wazee, na si dharau. Erik Moberg wa Sweden ndiye aliyeipa heshima miaka ya 1970, alipoonyesha kwamba sehemu ya nyuma ya msuli wa bega inaweza kuunganishwa ili kunyoosha kiwiko, na kwamba hata kubana kwa gumba peke yake kunabadilisha siku ya mtu. Kabla yake madaktari wengi walikuwa wanaikwepa mikono hii.

Neva zilikuja baadaye. Mwaka 2012 timu ya Susan Mackinnon, St. Louis, iliandika kuhusu mzee wa miaka 71 aliyeumia C7. Ni upasuaji uleule wa mdogo wake Nduguye: tawi la brakialisi kwenda neva ya kubana. Na huyo alipasuliwa karibu miaka miwili baada ya ajali. Baada ya miezi akaanza kujilisha. Tomaso, miaka miwili. Nafuu ya kujirudia yenyewe ingekuwa imeshaisha zamani.

Kisha Australia mwaka 2019, Natasha van Zyl na wenzake Melbourne, watu 59, wakarudisha kushika, kubana na kunyoosha kiwiko.

#12 Msomaji Kimya
Huwa sichangii, lakini namba za #11 nimeshindwa kuziacha. Hawakuwa watu 59. Walikuwa watu 16, mikono 27, na neva zilizohamishwa ndizo 59. Waliofika kipimo cha miezi 24 ni 13. Na neva 4 zilifeli, kwa watu watatu. Tena 10 kati yao waliunganishiwa neva na kano kwa pamoja, kwa hiyo si ushindi wa neva tupu.

Wote walipasuliwa ndani ya miezi 18 baada ya kuumia.

#13 Tomaso
Watu 59 wamekuwa 16, kesho watakuwa wawili. Na kundi la kulinganisha lilikuwepo?

#14 Msomaji Kimya
Halikuwepo. Walilinganisha mtu na hali yake ya kabla ya kupasuliwa.

#15 Tomaso
Nimemaliza. Mzee mmoja wa miaka 71 na watu 16 bila kundi la kulinganisha. Sisemi haifanyi kazi, nasema hatujui inachangia kiasi gani.

#16 Hadubini
Hesabu ya watu nimeipokea. Lakini kundi la kulinganisha utalipataje Tomaso, umpasue mtu bega uongo na kumshona, umwambie asubiri miaka miwili? Na kuna kitu huwezi kukieleza kwa "ingerudi yenyewe": neva hizi zinarudisha kitu kimoja kimoja, kile kile kilichoungwa.

#17 Mama Wawili
Habari za humu. Nimesoma kwa machozi na matumaini. Mume wangu aliumia C5 miaka sita iliyopita. Nani anaweza kuniambia kama tumechelewa? Tulipouliza wakati ule tuliambiwa tukubali hali.

#18 Hadubini
Karibu dada. Jibu linategemea mkono gani na msuli gani, si miaka peke yake.

Jeraha la uti lina kitovu. Pale kwenye kitovu, chembe zinazotuma neva kwenye msuli zimekufa. Misuli ya ngazi hiyo ni mikavu, imekonda, imelegea, na muda wake ni mfupi: ikikaa mwaka na nusu hivi bila neva inaanza kugeuka nyama isiyopokea tena. Chini ya kitovu hali ni tofauti. Chembe ziko hai, msuli bado una neva yake, unakakamaa na kurukaruka wenyewe. Msuli huo umehifadhiwa. Ndiyo maana yule mzee wa 2012 alifaa hata baada ya muda mrefu.

Kwa hiyo cha kufanya si kuhesabu miaka tu. Wampime kwa umeme: wakitekenya neva juu ya ngozi na vidole vikajikunja, mlango haujafungwa. Visipocheza kabisa, kwa neva mlango umefungwa, mrudi kwa Kiti Mwendo, kwenye kano. Kano hazina haraka hiyo.

#19 Fizio wa Zamu
Na viungo vyenyewe. Vidole vilivyoganda kwa miaka sita, hata ukileta neva mpya kabisa havina pa kukunjika. Dada, jaribu taratibu: vidole vyake vinakunjika na kufunguka ukivikunja wewe kwa mkono wako? Kiwiko kinanyooka chote? Kama ndiyo, mmetunza vizuri kuliko wengi.

Ila C5 ni ngumu zaidi. Neva za kukopa ni chache. Msuli unaokopwa unatakiwa uwe na nguvu ya 4 au 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 5, usikope kwa maskini.

#20 Mama Wawili
Vinakunjika vyote. Anakunja kiwiko vizuri sana, kifundo hanyanyui. Asanteni.

#21 Kiti Mwendo
Kwa huyo huwa wanaanza na kifundo chenyewe. Akipata kifundo, ile hila aliyosema Fizio inakuja bure. Msiidharau, mimi niliishi nayo miaka kabla ya kano.

#22 Mtu Baki
Nimekuja kucheka naondoka na elimu. Sijapenda.

#23 Nduguye
Nimerudi. Tumefanya jaribio la #7, mama akisimamia.

Kushoto: kifundo kikining'inia bado anabana. Hafifu, karatasi ukiivuta kidogo inachomoka, lakini anabana na anaachia nikimwambia. Kisha nikafanya langu: nikamzuia kigasha, nikamwambia ajaribu kukunja kiwiko huku anabana. Kubana kukakaza waziwazi, karatasi haikutoka.

Kulia: kifundo kikining'inia vidole vyote vimefunguka, hila tupu kama alivyosema Fizio. Isipokuwa kidole cha kati. Akiambiwa akikunje kinatikisika kidogo. Tumerudia, kinatikisika. Hatukuwahi kukiona hicho.

#24 Hadubini
Kesi imekwisha. Kubana kunakaza anapokunja kiwiko kwa sababu neva ya kubana sasa hivi NI neva ya kukunja kiwiko. Ubongo unapiga simu kwa brakialisi, anapokea gumba. Miezi ya kwanza wote hufundishwa hivyo hivyo, "kunja kiwiko ili ubane", mpaka ubongo ujifunze kutenganisha. Nafuu ya kujirudia isingejua chochote kuhusu kiwiko.

#25 Tomaso
Kesi imekwisha kwa nani? Mkono wa kulia, ambao haukuguswa, una kidole kilichoamka. Kukunja vidole ni C8. Maana yake C8 ya kulia inajirudia yenyewe zaidi ya mwaka baada ya ajali. Kama ya kulia inaweza, ya kushoto ilikatazwa na nani?

#26 Fizio wa Zamu
Mnaenda mbio wote wawili. Mtu aliyepooza akijikaza sehemu moja, misuli iliyokakamaa ya mkono mzima huitikia. Unamzuia kiwiko, anajikaza kwa nguvu zote, vidole vinakunjana kwa mkakamao. Hilo naliona kila wiki kwa watu ambao hawajawahi kupasuliwa. Na kidole cha kati cha kulia kinaweza kuwa hivyo hivyo.

Kinachonipa moyo kwa kushoto si ile nguvu ya kukunja kiwiko. Ni kwamba anaachia akiambiwa. Mkakamao hauachii kwa amri.

#27 Kiti Mwendo
#24, hata mimi nabana kwa kukunja kiwiko na neva zangu hazijaguswa! Brakioradialisi ni msuli wa kiwiko, umehamishwa ukiwa na neva yake. Ila ni kweli ninavyoelewa hisia hiyo: mwanzoni ukitaka kushika kijiko unawaza kiwiko, baadaye unasahau unawaza nini. Siku hizi ukiniuliza nabanaje siwezi kukueleza.

#28 Msomaji Kimya
Nduguye, kushoto kidole cha kati, cha pete na kidogo vikoje?

#29 Nduguye
Havichezi. Gumba na shahada tu. Cha kati kinafuata shahada kidogo, sina hakika.

#30 Msomaji Kimya
Neva iliyoungwa inalisha msuli wa gumba, sehemu ya msuli wa shahada, na mara nyingi na ya kidole cha kati. Cha pete na kidogo hulishwa na neva nyingine. Ulichoeleza ni ramani ya neva hiyo, haijazidi wala kupungua. Ingekuwa C8 inajirudia yenyewe, kwa nini ichague vidole vile vile alivyovichagua daktari?

#31 Tomaso
Hiyo ni hoja nzuri, ya kwanza nzuri humu ndani. Lakini kulia nako kimechagua kidole kimoja tu na hakuna daktari aliyekichagua. Nafuu ya kujirudia nayo huja kwa vipande. Mlipima umeme wa misuli kabla ya upasuaji? Kama kabla ya kisu msuli wa gumba ulikuwa tayari unaonyesha amri ndogo kutoka ubongoni, nimeshinda. Kama ulikuwa kimya, nanyamaza.

#32 Bi Subira
Tomaso kunyamaza, hiyo nayo tuiombee.

#33 Nduguye
Kuna kipimo cha sindano walifanya, alilalamika kinauma. Majibu yako kwenye faili na faili liko hospitali. Nikikumbuka walisema tu "anafaa".

#34 Tomaso
"Anafaa" maana yake msuli una neva hai. Haisemi kama ubongo ulikuwa unaufikia.

#35 Mtu Baki
Jamani nje ya mada kidogo, si nilisikia wanaweka chipu kichwani siku hizi? Kwa nini mtu ahangaike na mishono?

#36 Msomaji Kimya
Lipo. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha habari ya kijana wa Marekani aliyewekewa chipu kwenye ubongo; kompyuta ikasoma amri zake, ikapeleka umeme kwenye misuli ya kigasha kupitia kivazi chenye vipande vya umeme kilichovikwa kwenye kigasha. Alishika chupa na kumimina. Ila akichomolewa waya, mkono unarudi ulivyokuwa.

Kuna jingine halihitaji kisu: umeme juu ya ngozi ya shingo wakati wa mazoezi. Utafiti wa kifaa hicho, ARC-EX, ulitoka 2024, watu 60, asilimia 72 wakapata nafuu ya nguvu na ya kazi za mkono. Mwishoni mwa mwaka huo Marekani ikaruhusu kitumike.

#37 Tomaso
Hao asilimia 72 nao hawakuwa na kundi la kulinganisha, msinione mbaya.

#38 Fizio wa Zamu
Walifanya mazoezi matupu miezi miwili kwanza, kisha mazoezi na umeme miezi miwili, wakalinganisha. Si kamili, lakini si kubahatisha.

#39 Kiti Mwendo
Mimi vyombo vinanitia wasiwasi. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha Freehand, kifaa cha kupandikizwa chenye nyaya hadi kwenye misuli ya mkono. Unatikisa bega, mkono unafunga. Watu walishika vitu. Miaka michache baadaye kikaondoka sokoni. Waliobaki nacho mwilini wakawa na kifaa ambacho mtengenezaji wake hauzi tena. Kano yangu haina betri.

#40 Jongoo
Turudi kwenye mada. Nduguye, mkono wa kulia mnaufanyaje sasa?

#41 Nduguye
Ndilo tunalogombania. Madaktari wanataka kulia wafanye kano, ili mkono mmoja uwe na nguvu na mwingine uwe na wepesi. Yeye mwenyewe anataka neva pande zote. Mama anataka apumzike. Na baada ya kidole cha kati kutikisika, hata mimi nasita.

#42 Kiti Mwendo
Mpango wa mkono mmoja neva, mwingine kano si wa ajabu, huko Melbourne walifanya hivyo kwa baadhi yao. Wa kano utashika kikombe kizito, wa neva utafunguka vizuri na kuokota vitu vidogo. Mimi ningechukua huo kwa mikono miwili, nisiringe.

Swali la kuwauliza: kuna neva ya kufungua vidole wanayoweza kuiunga pia? Brakioradialisi waifanye nini? Msuli huo ukishatumika umetumika, haurudi.

#43 Hadubini
Ya kufungua ipo. Kuna msuli mdogo unaogeuza kiganja kitazame juu, unaitwa supineta, neva yake hutoka C6 na huunganishwa kwenye neva ya kunyoosha vidole na gumba. Jayme Bertelli wa Brazili ndiye aliyeifanya ijulikane, 2010. Kugeuza kiganja hakupotei kwa sababu baisepsi nayo inakigeuza. Kwa maoni yangu ni moja ya neva zinazotoa matokeo mazuri zaidi kuliko hii ya kubana tunayoigombania. Kiti Mwendo, hiyo ndiyo ingekufaa.

#44 Kiti Mwendo
Sasa unaniambia.

#45 Tomaso
Kwa mkono wa kulia, mimi ningesubiri kipimo kimoja cha umeme kabla ya kukata chochote. Kama kidole cha kati kinapokea amri, subirini kidogo muone kinaishia wapi. Kisu kitakuwepo.

#46 Hadubini
Safari hii nakubaliana na Tomaso na inaniuma. Ila msisubiri hadi viungo vigande.

#47 Bi Subira
Na mama naye aulizwe alibadilisha nini kwenye dua mwezi ule vidole vilipoamka.

#48 Nduguye
Bi Subira, anasema hakubadilisha kitu, alikuwa anaomba miguu.

#49 Fizio wa Zamu
😂 Hii niwekeeni.

#50 Mama Wawili
Wapendwa, tumepata miadi ya kipimo cha umeme. Mume wangu anatumia dawa ya baklofeni kwa ajili ya mkakamao. Kuna mtu ametuambia aiache siku chache kabla ili misuli ionekane vizuri kwenye kipimo. Ni kweli?

#51 Fizio wa Zamu
Hapana dada, asiiache ghafla hata kidogo. Baklofeni ikikatwa kwa mpigo inaweza kuleta degedege, homa kali na mkakamao mbaya zaidi. Mpigieni anayempima mumwambie dozi anayotumia, yeye na daktari aliyeiandika ndio waamue kama kuna cha kubadilisha. Na siku hiyo mpira wa mkojo uhakikishwe haujakunjika kabla hajalala kwenye kitanda cha kipimo. Aliyeumia shingo kibofu kikijaa presha inapanda ghafla na kichwa kinauma sana. Akilalamika kichwa wakati wa kipimo wamkalishe na waangalie kibofu kwanza.

#52 Mama Wawili
Nimeandika yote. Nitaleta majibu.